Iliyosema uongo ni kanda!

Leo naomba radhi hadharani. Siwaombi nyinyi, namuomba kaka yangu mkubwa, na kosa lenyewe lina karibu miaka 30.

Mnaijua Jaws Corner, pale Mji Mkongwe, barza iliyopewa jina la ile filamu ya papa ya mwaka 1975? Hapo kahawa haishuki kooni bila ubishi. Jioni moja ya mwaka 1996 ubishi ulikuwa juu ya Enter the Dragon. Kaka aliiona ujanani, enzi Majestic na Cine Afrique zikifurika watu. Akasimama kuigiza: stelingi Bruce Lee yuko chini ya ardhi, walinzi wanamjia, ananyakua nunchaku, vile vijiti viwili vyenye mnyororo, vinapita kwapani, vinapita shingoni, watu chali!

Mie nikacheka. "Kaka, hiyo umeota." Kanda ninayo nyumbani, shangazi kaileta kutoka London, orijino na kasha lake. Tukaongozana kwenda kuangalia, watu kumi, deki moja. Looh! Walinzi wanakuja, picha inaruka kidogo, wameshalala. Nunchaku hakuna. Vijana wakamzomea. Kaka akavaa makubadhi yake akaondoka, na tangu siku ile hakuzungumza tena filamu na sisi.

Kumbe iliyosema uongo ni kanda! Kule Uingereza, kuanzia 1979, wakaguzi wa filamu waliamuru nunchaku zikatwe, wakihofia vijana wa mitaani wataiga. Kanda za kule zikauzwa hivyo hivyo, mpaka 2001 ndipo ikaruhusiwa nzima. Yaani kaka aliona filamu, mie niliona mabaki. Ila mabaki yangu yalikuwa na kasha zuri.

Na si hilo tu. Kanda za mfumo wa PAL, wa Uingereza na wa kwetu, zinakimbiza picha 25 kwa sekunde wakati filamu ya sinema ni 24. Kwa hiyo ya dakika 100 inakwisha kwa dakika 96, na hakuna kilichokatwa! Tena televisheni za zamani zilikuwa karibu mraba na filamu ni pana, basi wakaifyeka pembeni. Mtu anapigwa teke na asiyeonekana.

Halafu toleo la mwaka 1998, la kutimiza miaka 25, likarudisha mazungumzo ya mwanzoni ya Bruce Lee na mwalimu wake wa Shaolin: adui hujificha nyuma ya sura, ivunje sura utampata. Sasa ukumbuke mwisho, chumba cha vioo, Han anajificha, Bruce Lee anavipasua vioo. Bila yale mazungumzo utasema ni ujanja wa papo hapo. Ukiyasikia, unajua ni somo la mwalimu.

Basi wiki iliyopita nikamwekea kaka toleo kamili. Mzee sasa, miwani puani. Nunchaku zilipotoka, wallahi hakutazama picha. Alinitazama mie.

"Umeota na wewe?" akaniuliza.

Wapenzi, kabla hujamwita mtu muongo, kwanza muulize kaangalia kanda ipi. Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.