Tanga Si Bashi

Tuanze na lile tunalolisikia kila mara hapa Katindo wakati watu wanaongea juu ya desturi za ziwa: «Tanga si yetu, ile ni ya batu ba pwani.» Halafu mtu yule yule, siku ya sikukuu, anafunga bashi la plastiki juu ya mtumbwi, anapigwa picha, na picha ile anaiita utamaduni wa wazee. Maneno haya mawili hayawezi kuwa kweli pamoja. Sisi tunasema yote mawili ni ya uongo.

La kwanza tulipite haraka. Ni kweli, Kivu ni ziwa la kasia. Wavuvi wa sambaza wanaunganisha mitumbwi mitatu kwa miti mirefu, wanakwenda usiku na taa zao wakiimba, na hakuna tanga pale. Lakini Kiswahili hiki tunachokiandika kilifika namna gani? Kilipita Ujiji, kikavuka Tanganyika, na baadhi ya waliovuka nacho walivuka kwa upepo. Mwaka 1858 Speke alivuka kutoka Ujiji mpaka kisiwa cha Kasenge, upande huu wetu wa magharibi, kumuomba Sheikh Hamed jahazi lake. Alirudi mikono mitupu. Jahazi la tanga lilikuwa limekwisha kuwa kwenye maji yale mbele Wazungu wa kwanza wafike. Anayesema lugha ni yake na tanga si lake, atufasirie vizuri.

La pili ndilo linalotukasirisha. Vijana wetu wanatayarisha mashindano ya mitumbwi ya tanga, na wameona mu picha lile tanga la Wazungu linalovimba mbele ya mashua kama puto, wanaloliita spinaka. Wanalitaka. Na kwa kuwa kitambaa chake ni bei kali, mmoja akasema: «Tuko na bashi, mita 4 kwa 6, tuiweke yote! Kubwa njo itakimbia.»

Sasa tuulize: nani aliyepima tanga hilo? Bashi la mita 4 kwa 6 lilikatwa ili familia iliyokimbia vita ipate kulala chini yake. Ni kipimo cha nyumba. Mtumbwi hakuna aliyeufikiria. Mtu anayechukua mita za mraba 24 kwa sababu tu ndivyo zilivyotoka mu depo, huyo hajachagua tanga. Depo imemchagulia.

Hata hao wenye spinaka hawafanyi hivyo. Wao wanaanza na chombo: urefu kutoka mlingoti mpaka ncha ya omo, yaani mbele kabisa, na kimo cha pale kamba ya kupandisha inaposhika. Upana wa tanga unakuwa karibu mara 1.8 ya ule urefu wa kwanza, si zaidi sana. Mashua yenye mita 1.5 mbele ya mlingoti na mita 5 za kimo inapata tanga la mita za mraba 11 hivi, basi. Nayo ina mkuku mzito chini, ina nguzo ya kushikilia pembe ya tanga, na kitambaa chenyewe ni nailoni ya gramu 30 mpaka 40 kwa mita ya mraba. Bashi lina karibu 200. Kwa upepo mdogo halivimbi, linaning'inia kama nguo iliyoloa. Kwa upepo mkubwa halishuki upesi. Kwa hiyo vijana wanaiga sura ya kitu na kuacha hesabu yake.

Na pwani je? Fundi wa tanga kule alipima kwa mikono na pima, mikono minne kwa pima moja, na alipima chombo mbele ya kitambaa. Ngalawa ina mwili mwembamba kama mtumbwi wetu, lakini ina mirengu pande mbili, ndiyo maana inabeba tanga kubwa bila kupinduka. Jahazi kubwa lilichukua matanga zaidi ya moja, kubwa la upepo mwepesi na dogo la upepo mkali, na nahodha hakuona haya kupandisha dogo. Hiyo ndiyo desturi tunayoitetea.

Kuna mwerevu mmoja aliyetujibu kwamba Goma iko juu, hewa ni nyepesi, kwa hiyo tanga inafaa liwe kubwa sana kuliko la Mombasa. Ameshika kweli kwa mkia. Kwenye mita 1,460 hewa yetu ni nyepesi kwa kama sehemu moja ya saba. Lakini nguvu ya upepo inaongezeka kwa mraba wa mwendo wake: upepo ukiwa mara mbili, nguvu ni mara nne. Ile sehemu ya saba inakwisha upepo ukizidi kidogo tu, na upepo unaoshuka ghafula kutoka milimani hauzidi kidogo.

Tena upepo wa nyuma ni mdanganyifu. Upepo ukiwa wa kilomita 25 kwa saa na mtumbwi ukikimbia 10, wewe unasikia 15 tu. Unafikiri ni shwari, unacheka. Geuka ubavu, unakuwa karibu 27, na nguvu imepita mara tatu. Bashi lile la mita 24 linavuta pembeni kilo 70 na zaidi: sawa na mtu mzima anayening'inia juu ya mlingoti upande mmoja. Mtumbwi wa upana wa sentimita 80 utamjibu nini?

Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi, ikitoka Minova na watu kupita kiasi, ilizama karibu na Kituku, watu wakiitazama kutoka nchi kavu. Ilikuwa ya mashini, haikuwa na tanga, hatuchanganyi mambo. Lakini mji uliozika watu wale hauna ruhusa ya kusema kipimo ni mambo ya Wazungu ao ya waoga.

Kwa hiyo tumewaandikia watayarishaji. Kwa mtumbwi wa sentimita 80 na watu wawili, tanga lisipite mita za mraba 5, mlingoti usipite mita 3: hapo upepo ule ule unavuta kilo 15 hivi, na watu wawili wakikaa upande wa upepo wanaweza kuushika. Kamba ya tanga ishikwe mkononi, isifungwe kamwe. Kila mtumbwi uwe na makasia mawili, kwa kuwa hauna mkuku na hautarudi kwa kupanda upepo. Na kila mtu avae jile. Wenye kutaka bashi zima waliweke juu ya jukwaa, wazee wakae kwenye kivuli.