Kompyuta isiyo na diski ikigoma

Kompyuta za maabara zinazowashwa kupitia mtandao zikigoma asubuhi ya mtihani, usizizime zote kwa hasira. Kagua hatua moja baada ya nyingine.

Kwanza, tazama waya. Pili, je, kompyuta imepewa anwani? Kama haikupewa, chunguza DHCP, mgawaji wa anwani. Tatu, ikiwa ina anwani lakini imekwama papo hapo, huenda faili ya kuwashia haikufika kupitia TFTP. Nne, ikianza kisha ikanyimwa ruhusa ya mafaili, shida ni NFS: katika seva ya Linux, ongeza anwani yake kwenye /etc/exports, kisha toa amri exportfs -ra.

Haraka haraka haina baraka. Tukutane Jumapili ijayo.