Helikopta za polisi zina thamani ya wanaozirusha

VIJIJI vya mpaka wa Meru na Isiolo vinapovamiwa na wezi wa mifugo, kilio cha kwanza cha viongozi huwa ni kuletewa helikopta. Ni nadra kusikika wakiuliza ni nani atakayeirusha, na amefunzwa wapi.

Swali hilo lina uzito Maua. Milima ya Nyambene, inayopita mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, hufunikwa na ukungu, huku nyanda za chini zikiwaka jua. Hewa ya juu ni nyepesi na helikopta hupungukiwa na nguvu, hasa ikiwa imebeba maafisa na silaha zao.

Kwa viwango vya kimataifa, rubani wa helikopta hapewi leseni ya kibiashara kabla ya kutimiza umri wa miaka 18 na saa 150 za urukaji, au 100 akisomea katika kozi iliyoidhinishwa. Lazima pia apite uchunguzi wa afya wa daraja la juu, kisha afunzwe upya kila anapokabidhiwa helikopta ya aina nyingine.

Hata hivyo, leseni hiyo ni mlango tu. Kazi ya polisi humtaka rubani aruke chini chini, atue mahali pasipo kiwanja na asome ardhi pamoja na mwenzake anayetazama, pengine akilengwa kwa risasi. Ujuzi huo hauji kwa cheti. Huja kwa saa nyingi angani chini ya mwalimu, na hufifia rubani asiporuka.

Kenya ilikwisha kuonjeshwa uchungu wa safari za anga. Mnamo Juni 10, 2012, helikopta ya polisi yenye usajili wa 5Y-CDT ilianguka katika msitu wa Ngong muda mfupi baada ya kuondoka Uwanja wa Wilson. Waziri wa Usalama wa Ndani George Saitoti, naibu wake Joshua Orwa Ojode, walinzi wawili na marubani wawili waliangamia. Tume ya uchunguzi iliongozwa na Jaji Kalpana Rawal.

Kuhusu uajiri, Katiba ya 2010 haikuacha pengo. Kifungu cha 246 kinaipa Tume ya Huduma ya Taifa ya Polisi jukumu la kuajiri, na kutaka kikosi kiakisi maeneo na jamii zote nchini. Kwa kuwa mafunzo ya urubani ni ghali mno, kijana wa Igembe asiye na mali hawezi kuufikia usukani iwapo nafasi hazitangazwi wazi na serikali haimgharamii.

Bajeti inayonunua helikopta pasipo kutenga fedha za saa za mazoezi huongeza hatari badala ya usalama. Mwenda pole hajikwai, lakini angani anayejikwaa hana pa kuinukia.