Mahindi ya nyumbani yanapogeuka sumu

MSOMAJI, ukitajiwa mpelelezi, bila shaka humfikiria polisi aliyevalia kiraia akimfuata mwizi wa magari. Lakini wako wapelelezi wengine ambao hufuata magonjwa. Kazi yao huitwa epidemiolojia, yaani elimu ya kuchunguza ugonjwa umewapata akina nani, wapi, lini na kwa nini. Wiki hii tuwafuate hadi Ukambani, kwani walichogundua huko kinaihusu sufuria yako ya ugali hapa mjini.

Ilikuwa mwaka 2004. Katika wilaya za wakati huo za Makueni na Kitui, watu walianza kufikishwa hospitalini wakiwa na macho ya manjano, wakitapika na kulalamikia maumivu ya tumbo. Ini lilikuwa limeharibika. Wengine walifariki muda mfupi tu baada ya kuugua. Kufikia tarehe 20 Julai, wagonjwa 317 walikuwa wameorodheshwa, na 125 kati yao walikuwa wamefariki. Wengi walitoka wilaya hizo mbili.

Macho yakiwa manjano, wengi wetu hufikiria virusi vya homa ya ini. Wataalamu nao hawana budi kuvifikiria. Lakini mkoa huu ulikuwa na historia. Mwaka 1981, katika wilaya jirani ya Machakos, wagonjwa 20 walilazwa kwa ugonjwa wa ini na 12 wakafariki. Chanzo kilikuwa mahindi yaliyoota ukungu. Ukungu huo hutengeneza sumu iitwayo aflatoksini.

Basi mahindi yakapimwa. Kiwango kilichoruhusiwa nchini wakati huo kilikuwa sehemu 20 za sumu katika kila sehemu bilioni moja za chakula. Mahindi mengine ya eneo hilo yalipatikana na sehemu 4,400. Hiyo ni mara 220 ya kiwango hicho!

Utasema, kesi imekwisha. La hasha. Karibu kila mtu Ukambani hula mahindi, iwe ni ugali, isyo au muthokoi. Mbona huyu augue na jirani yake asiugue? Hapo ndipo penye ujuzi wa mpelelezi wa magonjwa: hamhoji mgonjwa peke yake, humhoji pia aliyesalimika. Watafiti wa Wizara ya Afya ya Kenya na wenzao wa kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, walichukua wagonjwa 40 na watu 80 wasiougua kutoka vijiji vilivyoathirika. Wakawauliza walikula nini na waliweka wapi mavuno yao. Wakapima mahindi ya nyumba zao, na damu pia.

Jibu lilikuwa wazi. Kwa wastani, mahindi ya nyumba za wagonjwa yalikuwa na sumu takriban mara nane kuliko ya wenzao. Tena waliougua walielekea zaidi kuwa wale walioweka mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba wanamoishi. Usiwalaumu haraka, msomaji. Mwaka wa njaa, nani ataacha gunia lake nje usiku? Lakini joto la nyumba na unyevu wa punje ndivyo vitu ukungu unavyovipenda.

Na sumu haikubaki vijijini. Watafiti walipima sampuli 350 za mahindi na unga kutoka kwa wachuuzi wa masoko 65. Zaidi ya nusu zilipita kiwango kilichoruhusiwa. Soko halina ukuta, na basi la kutoka nyumbani hubeba magunia kila wikendi.

Sasa, gunia likifika mjini, ufanye nini? Kwanza, fahamu kwamba kupika hakuondoi sumu hii. Ugali wa moto si ugali salama. Kukoboa mahindi kuwa muthokoi hupunguza sumu, lakini hakuimalizi.

Pili, chambua. Punje zilizooza, zilizobadilika rangi au zilizotobolewa na wadudu zitupwe. Usiwape kuku wala ng'ombe, kwa maana sumu hupitia hata katika maziwa. Lakini usitegemee macho pekee, kwa kuwa punje yaweza kupendeza na bado ikawa na sumu.

Tatu, jaribu chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi hadi thuluthi moja, ongeza vijiko vichache vya chumvi kavu, funga na utikise vizuri. Ngoja dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yana unyevu mwingi na hayafai kuwekwa ghalani. Kumbuka jaribio hili hupima unyevu tu, halipimi sumu.

Nne, zungumza na wazee nyumbani. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo, kisha yawekwe mahali pakavu penye hewa, yakiwa yameinuliwa kutoka sakafuni.

Wahenga walisema, kinga ni bora kuliko tiba. Ini likishaharibiwa na sumu hii, hakuna dawa ya kuiondoa. Kwa hiyo kabla ya kupeleka gunia kusagwa, lifungue kwanza, uchote kiganja cha punje na uziangalie kwenye mwanga.