Mgonjwa Aulizwe Kwanza



Bartimayo alipofika mbele ya Bwana, kila mtu aliona kwamba ni kipofu. Hata hivyo Bwana alimwuliza anataka afanyiwe nini. Alimpa kwanza nafasi ya kusema, ndipo akamponya. Swali hilo twataka liulizwe pia katika zahanati na hospitali za kwetu, kuanzia Kyela mjini na Ipinda hadi Matema na Ikombe, chini ya milima ya Livingstone.

Tuchukue mfano mmoja. Miongoni mwa Wanyakyusa ipo desturi ya ingamwana, ambayo kwayo mke humheshimu baba mkwe kwa kuepuka kukutana naye uso kwa uso na kwa kutolitamka jina lake. Monica Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa katika miaka ya 1930, aliieleza katika vitabu vyake, na wapo akina mama wanaoishika bado. Mama wa namna hiyo afikapo dirishani na kuulizwa, mbele ya foleni nzima, jina kamili la mumewe, atajibu nini? Jina la pili la mumewe ndilo jina la mkwewe. Akinyamaza, huonekana mjinga au mkaidi. Akikemewa, safari ijayo atabaki nyumbani na homa yake. Kumbe ingetosha wifi yake amtajie, au karani asome kadi.

Lipo pia jambo la lugha. Kiswahili kimetuunganisha, nasi twakipenda. Lakini bibi wa Kinyakyusa au wa Kikisi huyaeleza maumivu yake vizuri zaidi katika lugha aliyonyonya kwa mama yake. Mganga aliyehamishiwa kwetu kutoka mbali hana kosa kwa kutoifahamu. Kosa ni letu sote tunapomwacha bibi huyo aingie peke yake, kisha atoke na vidonge asivyojua vimeze lini.

Tena wengi huficha dawa za majani walizokwisha kunywa, kwa kuogopa kufokewa. Sheria Namba 23 ya mwaka 2002 ilitambua tiba asili na kuiwekea utaratibu. Mwuguzi aulizaye kwa upole huambiwa ukweli, na ukweli huo waweza kuokoa maisha, kwa maana zipo dawa zisizopatana.

Wako watakaosema kwamba tunatetea mila zinazoua. Sivyo. Hakuna desturi iliyo juu ya uhai. Mama anayetokwa damu asingoje kikao cha wazee, wala mtoto mwenye degedege asicheleweshwe kwa kutafutwa aliyemroga. Twasema tu kwamba mtu aliyeheshimiwa huja mapema, na aliyedharauliwa huja akiwa amechelewa.

Hili ni suala la haki, wala si la hisani. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyotiwa sahihi mwaka 1946, ilitamka kwamba afya ni uzima wa mwili, wa akili na wa maisha ya mtu pamoja na wenzake. Mwaka 1978, huko Alma-Ata, mataifa yalikubaliana kwamba wananchi wana haki na wajibu wa kushiriki katika kupanga huduma zao za afya.

Basi twawaomba viongozi wa walei mambo matatu. Kwanza, kila kigango kichague mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, wenye kutunza siri, wawasindikize wagonjwa na kuwatafsiria. Pili, waamini waliomo katika kamati za zahanati waombe wagonjwa waandikishwe faraghani. Tatu, jumuiya ndogondogo ziwatembelee wagonjwa kwa sala, na pia kwa kuni, maji na uji. Maana mgonjwa aliyeachwa peke yake hatibiwi na vidonge pekee.

Tarehe 11 Februari ni Siku ya Wagonjwa Duniani, iliyowekwa na Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1992. Siku hiyo tusiwahubirie tu wagonjwa wetu. Tuketi karibu nao, tuwaulize wanataka tuwafanyie nini, na tuwe tayari kusikia jibu hata likitugusa sisi wenyewe.

Amani ya Kristo iwe nanyi.