Mgeni asiye na fedha mjini Roma



Juma lililopita, baada ya somo la historia, mwanafunzi mmoja alibaki darasani wenzake walipokwisha kutoka. Akaniuliza kwa adabu: «Mwalimu, baba amesema ulikaa Roma bila fedha. Je, mtu asiye na fedha aweza kuona nini katika nchi ya wageni?» Nilimjibu kwa maneno machache, maana kengele ilikuwa imekwisha kulia. Lakini swali lake halikuniacha. Niliporudi nyumbani mwaka 2023 majirani nao waliliuliza kwa namna yao. Waliliinua sanduku langu, wakaona ni jepesi, wakasema: «Mwalimu amekwenda Ulaya na kurudi mikono mitupu, basi hakuona kitu.» Leo nataka kuwajibu wote pamoja, na kukiri kosa moja nililotaka kulitenda huko.

Mwezi wa Oktoba 2023 nilialikwa kwenye mafunzo ya walimu katika mji mmoja wa kaskazini ya Italia. Walionialika walilipa safari yote. Mafunzo yalipokwisha, zilibaki siku 8 kabla ya ndege yangu kuondoka Roma. Watawa fulani walinikubalia kitanda bila malipo katika nyumba yao, pembeni mwa mji. Mfukoni nilikuwa na euro 120. Kwetu hizo si fedha kidogo. Kule huyeyuka kama chumvi katika maji.

Usiku wa kwanza nilitoa daftari nikapiga hesabu, kama mama wa nyumba apigavyo hesabu ya mwezi. Euro 30 nilizishona ndani ya koti kwa ajili ya ugonjwa au hatari. Euro 14 nilizitenga kwa treni ya kwenda uwanja wa ndege. Zikabaki 76, yaani euro 9 na nusu kwa siku moja. Tiketi ya basi ilikuwa euro 1 na nusu. Nikafahamu mara moja kwamba miguu yangu itakuwa na kazi.

Roma ni mji mkubwa, lakini sehemu yake ya kale si pana sana. Kutoka Termini, kituo kikuu cha treni, hadi Kanisa la Mtakatifu Petro, ni mwendo wa saa moja hivi kwa miguu. Njiani utaona nguzo, malango na kuta za watu waliotawala nchi nyingi kabla ya kuzaliwa kwa Kristo, nazo zimesimama kando ya barabara ambamo watu wanauza viatu na maua. Hakuna anayekudai kitu kwa kuzitazama. Wahenga walisema kweli: macho hayana pazia.

Maji pia ni bure kwa anayejua yalipo. Tangu mwaka 1874 mji huo una mabomba ya chuma barabarani, nayo leo yapata 2,500, yakitoa maji safi mchana na usiku. Wenyeji huyaita «nasoni», maana yake «pua kubwa», kwa ajili ya umbo la mdomo wake. Mimi niliinama kwa shida na kulowesha shati, mpaka mtoto mmoja akanicheka, akanionyesha: ziba mdomo wa bomba kwa kidole, na maji yataruka kwa tundu dogo la juu, unywe bila kikombe. Tokea hapo sikununua maji tena.

Kwa chakula, nilinunua mkate, nyanya na kipande cha jibini. Mchana mwingine nilikula piza, ambayo huko hukatwa na kuuzwa kwa uzito. Unamwonyesha muuzaji kwa mkono akate wapi. Kahawa niliinywa nikisimama, kwa sababu mara nyingi anayeketi mezani hulipa zaidi. Kitu kigumu hakikuwa njaa. Kilikuwa upweke. Unaona jambo la ajabu, unageuka kumwambia mwenzio «Tazama!», na mwenzio hayupo. Kwa hiyo kila usiku nilimwandikia mama wa watoto wangu mambo yote ya siku ile, nikijua kwamba nitafika nyumbani kabla ya barua.

Sasa nikiri kosa langu. Siku ya tatu mvua ilinyesha tangu asubuhi. Jioni viatu vilikuwa vimejaa maji, nami nikapanda basi. Kule mtu hununua tiketi dukani, kisha huigonga muhuri mwenyewe katika mashine iliyomo ndani ya basi. Niliketi na tiketi yangu mkononi bila kuigonga, nikisema moyoni: «Nikiitunza, kesho nitaitumia tena.» Mama mmoja mzee aliyeketi mbele yangu akaiona. Akatabasamu, akanionyesha mashine kwa kidole, na kwa ishara akanieleza jinsi ya kuiingiza. Mama huyo alidhani mimi ni mgeni asiyejua desturi. Kumbe nilijua vizuri. Alinitendea wema kwa ujinga ambao sikuwa nao. Nilisimama, nikaigonga, nikamshukuru, lakini uso wangu ulikuwa unawaka. Nimewafundisha watoto miaka 11 kwamba mali ya wote isiibwe, na kwa euro 1 na nusu nilikuwa tayari kuyasahau maneno yangu mwenyewe. Umaskini si dhambi, lakini una sauti yake ya kushawishi, na mtu aliye peke yake mahali asipojulikana huisikia kwa nguvu zaidi.

Kesho yake niliingia katika kanisa linaloitwa San Luigi dei Francesi. Humo, katika kikanisa cha pembeni, mna picha 3 za Mtakatifu Mateo zilizochorwa na Caravaggio kati ya mwaka 1599 na 1602. Mlango ni wazi kwa wote. Lakini kikanisa kina giza, na taa haiwaki mpaka mtu atie sarafu katika kisanduku; baada ya dakika chache huzimika. Mimi nilikuwa nimekwisha kutumia fedha ya siku. Nikasimama gizani kungoja. Walipofika watalii na kutia sarafu, niliona. Taa ilipozimika, nilingoja wengine. Hivyo nilikaa karibu saa moja. Katika picha moja Mateo ameketi mezani na wenzake, na sarafu ziko mbele yao. Bwana anaingia kutoka upande wa kulia na kunyosha mkono. Kijana mmoja mwishoni mwa meza hainui hata kichwa, anahesabu tu. Nilimtazama sana kijana huyo, nikiikumbuka tiketi ya basi.

Mwendo mfupi kutoka hapo lipo kanisa la Sant'Agostino, nalo lina picha nyingine ya mchoraji huyohuyo. Bikira Maria amesimama mlangoni amemshika Mtoto, na mbele yake wamepiga magoti mahujaji wawili maskini, mume na mama mzee. Nyayo za yule mume zimeelekea kwetu, nazo ni chafu kwa vumbi la njia. Nilitazama viatu vyangu vilivyopasuka, nikajiona si mgeni kabisa mahali pale.

Jumapili ya mwisho ya kila mwezi nyumba za makumbusho za Vatikano hufunguliwa bila malipo mpaka mchana. Nilijipanga mlangoni kabla ya mapambazuko, nikangoja zaidi ya saa 3. Niliingia katika Kikanisa cha Sistina, ambacho dari lake lilichorwa na Michelangelo tangu 1508 hadi 1512. Watu walijaa kama sokoni, shingo zimepinda, walinzi wakiomba kimya. Siku nyingine, kwa kuwa sikuweza kulipa ili kupanda kuba la Mtakatifu Petro, nilipanda kilima cha Gianicolo, na kutoka huko niliuona mji wote. Saa 6 mchana wakapiga mzinga, kama wafanyavyo kila siku, nami nikaruka kwa hofu peke yangu kati ya wenyeji.

Lakini jambo nililolitaka kuliko yote nililiweka mwisho. Karibu na Termini lipo kanisa kuu la Santa Maria Maggiore, ambamo Papa Fransisko amezikwa tangu tarehe 26 Aprili 2025. Nilipofika mimi sikumtafuta Papa. Nilimtafuta mtu wa kwetu. Nilimwuliza mlinzi, naye akaniongoza kwenye chumba cha ubatizo, akanionyesha sanamu ya kichwa na mabega iliyochongwa katika jiwe jeusi. Huyo ni Antonio Manuel Nsaku Ne Vunda, balozi wa Mfalme Alvaro wa Pili wa Kongo.

Wanafunzi wangu wanajua habari zake. Aliondoka Kongo mwaka 1604. Alipitia Brazili, akanyang'anywa na maharamia wa baharini, akakaa muda mrefu Hispania. Wengi wa wenzake walikufa njiani. Alifika Roma tarehe 3 Januari 1608, mgonjwa, bila mali. Papa Paulo wa Tano alimpokea katika jumba lake na kumtembelea kitandani. Siku 2 baadaye, usiku wa kuamkia sikukuu ya Epifania, balozi alifariki. Alisafiri karibu miaka 4, na mji alioutafuta hakupata kuutembelea.

Nilisimama pale muda mrefu. Nilikuwa nimeona vitu vingi katika siku zile, na mara nyingine nilinung'unika kwa sababu ya viatu na mkate. Kumbe yeye alitoa kila kitu asione hata mtaa mmoja. Nilimwombea, kisha nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba mimi ni mwalimu kutoka Kivu, na kwamba watoto wetu wanalisoma jina lake.

Asubuhi ya mwisho ilibaki euro moja nje ya akiba. Nilitaka kunywa kahawa. Badala yake nilirudi San Luigi. Katika giza alisimama baba mmoja na binti yake mdogo, wakingoja, na nguo zao zilionyesha kwamba hawakuwa matajiri. Nikatia sarafu yangu. Taa ikawaka. Mtoto akanyosha kidole kwenye picha, na baba akaanza kumweleza kwa lugha nisiyoifahamu.

Basi, ndugu wasomaji, hilo ndilo jibu langu. Asiye na fedha aweza kuona mengi, akiwa na miguu, na subira, na akiwa amesoma habari za mahali kabla ya kufika. Mimi nisingalimjua balozi wetu kama mwalimu wangu hakunisimulia zamani. Lakini vijana, msinielewe vibaya. Sisemi mtu aondoke ovyo, bila hati halali, bila tiketi ya kurudi, bila akiba ya hatari. Huko si kutembea, ni kupotea. Tena asiye na fedha asijisifu kwamba hakutegemea mtu. Mimi nililala kitandani mwa wengine, nikaonyeshwa maji na mtoto, nikaokolewa katika aibu na mama mzee, nikaona picha kwa sarafu za watu nisiowajua. Nililipa moja tu.

Na sanduku langu, majirani wapenzi, lilikuwa jepesi kweli. Ndani yake mlikuwamo daftari. Mwanafunzi aliyeniuliza amekwisha kuliazima.

Ni mimi, Mwalimu wenu.