Mtoto wa Kupakatwa Naye Ahesabiwe

Familia ya Miono iliyoazimia kwenda kumwona bibi Pemba likizo ya Juni huamka kabla ya adhana ya alfajiri. Mizigo hufungwa tangu jana yake: ufuta mpya kwenye kiroba, nguo za watoto, ndimu na tangawizi za kutuliza kichefuchefu baharini. Gari la kwanza huwafikisha Mandera kwenye barabara kuu ya Chalinze–Segera. Huvuka mto Wami, na wakifika Msata huiacha barabara kuu na kushika lami ya kilomita 64 iendayo Bagamoyo. Pale Kiwangwa mananasi yamepangwa kando ya njia, na ni nadra mama kupita bila kununua mawili matatu ya kumpelekea bibi.

Watoto ni watatu, viti vilivyolipiwa ni viwili. "Mama, huyo mdogo mpakate," konda anasema, na hakuna anayeona ajabu. Mtoto wa kupakatwa halipi nauli, hana kiti, na abiria wakihesabiwa yeye hupitwa. Desturi hiyo ina miaka mingi barabarani, na si rahisi kuing'oa huko. Lakini isiachwe ikapanda boti.

Bagamoyo wanafika jua limeshapanda. Ukisimama ufukweni hapo, Unguja iko mbele yako, mwendo wa kilomita 45 hivi za maji. Majahazi na mashua yanapakia na kupakua kama yalivyofanya kwa karne nyingi. Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja wakajenga misheni hapo Bagamoyo, na kutoka hapo wakapanda bara hadi Mandera, jirani na Miono. Njia iliyowaleta bado ipo. Familia yetu ndiyo isiyoweza kuipita, maana jahazi la mizigo si chombo cha abiria. Basi wanaipa bahari kisogo, wanapanda gari jingine, na kusafiri kilomita 65 hivi zaidi kwenda kusini hadi Dar es Salaam, ili wapande boti itakayowarudisha kaskazini kulekule walikotoka.

Ndiyo maana wengine hawafiki Dar es Salaam. Kuanzia Bagamoyo hadi Kipumbwi, wilayani Pangani, pwani hii ina bandari bubu, na wapo wanaovuka kwa mashua ya mbao yenye injini ya nje, bila tiketi, bila boya, bila jina lao kuandikwa popote. Ni rahisi kuwalaumu. Ila mtu mwenye watoto watatu, anayehesabu nauli ya magari matatu, chakula cha njiani na pengine malazi ya usiku mmoja mjini, kabla hata hajakata tiketi ya boti, ana hesabu zake pia.

Likizo yenyewe nayo inaangukia wakati mgumu. Kusi huanza kuvuma Aprili na kushika nguvu kati ya Juni na Agosti, shule zinapofungwa. Watoto wa Miono, waliokulia bara na kuzoea mto Wami, hukutana na bahari kwa mara ya kwanza katika miezi hiyohiyo ya mawimbi. Safari ya Dar es Salaam hadi bandari ya Malindi, Unguja, bado ni nafuu. Shughuli ipo kati ya Unguja na bandari ya Mkoani, Pemba, kwenye mkondo wa Nungwi, ambako mabaharia wenyewe hupunguza maneno.

Wagiriki wanaijua hali hiyo. Wana upepo wao wa kiangazi uitwao meltemi, unaovuma kutoka kaskazini Julai na Agosti, wakati uleule ambapo familia hufurika bandari ya Piraeus kwenda visiwa vya Paros, Naxos na Santorini. Upepo ukizidi kipimo kilichowekwa, walinzi wa pwani huzuia meli kuondoka, na watu hulala bandarini na watoto wao. Nao wana msiba wao. Tarehe 26 Septemba 2000 meli ya Express Samina, iliyotoka Piraeus, iligonga miamba karibu na Paros ikazama, na watu zaidi ya 80 wakafa.

Sisi tuna meli inayotuunganisha na Wagiriki kwa uchungu. MV Spice Islander I iliundwa Ugiriki mwaka 1967. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ilikuwa kwenye mkondo huohuo wa Nungwi, ikielekea Pemba na shehena nzito, imejaa watu waliokuwa wakirudi makwao baada ya Ramadhani na Idi. Zilikuwa familia zilizotoka likizo. Ilipozama, baadhi ya waliookoka walielea juu ya magodoro yaliyokuwa sehemu ya shehena.

Kisha ikaja hesabu, na hapo ndipo moyo unapouma mara ya pili. Siku za mwanzo vifo vilitajwa kuwa 200 hivi. Tume ya uchunguzi iliporipoti mwanzoni mwa 2012, idadi ilikuwa 1,573. Kati ya tarakimu hizo mbili kuna watu zaidi ya 1,300 waliopatikana kwenye hesabu kwa sababu tu ndugu zao walikwenda kusema: wangu alikuwemo. Meli iling'oa nanga bila orodha inayoaminika. Na kama watu wazima hawakujulikana idadi, nani alimwandika mtoto wa miaka miwili aliyelala kifuani kwa mama yake?

Mwaka mmoja haukupita. Tarehe 18 Julai 2012, kusi likiwa kali, MV Skagit ilitoka Dar es Salaam ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe. Chombo hicho kiliundwa Marekani mwaka 1989 kuvusha watu katika maji ya ndani ya jimbo la Washington, kikiwa na nafasi ya abiria 250 hivi. Taarifa za siku zile zilitaja watu wazima 250, watoto 31 na mabaharia 9. Zisome tena tarakimu hizo taratibu. Nafasi zimejazwa na watu wazima, watoto wakaja juu yake, kama vile uzito wao hauingii majini. Haya ndiyo yale ya "mpakate", yamehamia baharini.

Ni haki kusema kwamba mambo hayako vilevile. Boti ziendazo kasi za leo ni vyombo bora kuliko vya zamani, na mkata tiketi huulizwa jina na kitambulisho. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari ya upepo na mawimbi. Upande wa bara kuna Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, lililoanza kazi 2018, na upande wa Zanzibar kuna Mamlaka ya Usafiri Baharini, ZMA. Lakini uangalizi huo wote uko kwenye bandari kubwa. Mashua inayoondoka kichakani usiku haina karani wala nafasi ya kuahirishwa kwa sababu ya upepo, na mtoto aliyemo humo yuko palepale walipokuwa watoto wa 2011.

Kwa hiyo pwani ya kaskazini ipewe njia halali. Bagamoyo tayari ina bandari. Boti ndogo ya abiria, iliyokaguliwa, yenye nahodha mwenye cheti na maboya ya ukubwa wa mtoto, ikivuka hata mara mbili kwa wiki wakati wa likizo na kusimama kusi likizidi, ingewaondoa wengi kwenye bandari bubu kuliko doria yoyote. Familia ya Miono ingeshuka Malindi mchana, ikapumzika, na kuondoka kesho yake kwenda Mkoani watoto wakiwa na nguvu za kutazama pomboo badala ya kutapika kwenye mfuko.

Na orodha iandikwe kama inavyotakiwa Ulaya, ambako sheria ya mwaka 1998 inataka abiria wote wahesabiwe kabla chombo hakijaondoka. Safari ikizidi maili 20 za bahari, huandikwa jina la kila mmoja, jinsia yake na tarehe yake ya kuzaliwa. Bagamoyo hadi Unguja ni zaidi ya maili hizo, na Unguja hadi Mkoani ni zaidi ya mara mbili yake. Haihitaji mashine ya fedha nyingi. Inahitaji karani, kalamu, na mzazi atakayesema, "Na huyu niliyempakata anaitwa fulani, ana miezi kumi." Nakala moja aende nayo nahodha. Nyingine ibaki nchi kavu, mezani kwa mtu anayejulikana, hadi simu ipigwe kutoka Mkoani kwamba wote wameshuka.